Nipe Mji

Duluth, Januari. Ziwa limeganda
mpaka kupita mnara wa taa,
na Profesa Aune Lahtinen anaingia darasani
na viatu vya theluji, kopo la kahawa mkononi.
Ndani hamna kahawa. Chaki.
Anampa moja aliyeketi karibu na mlango,
kisha anakwenda kukaa nyuma,
kwenye kiti chenye mguu mbovu,
anavua glavu, ananyamaza.

Wiki ya kwanza tulimchukia.
Tumelipa karo, tukasema, tufundishwe.
Brandt alichora duara, akalifuta, akalichora tena,
dakika arobaini,
na bomba la joto ukutani likigonga
kama mtu anayeomba kutoka.
"Tumeshindwa," alisema. "Tupe jibu."
Naye: "Umeshindwa wapi? Nionyeshe mahali penyewe."

Mimi nimekuzwa na vitendawili:
ukishindwa unatoa mji,
aliyetega anautwaa, anatamba nao,
halafu ndipo anakutegulia.
Mama huyu hapokei mji.
Nilimpa Helsinki. Nilimpa Chicago
na vitongoji vyake vyote.
Akatikisa kichwa: kaa na mji wako,
kesho utauhitaji.

Utafiti wake nao ulikuwa wa mambo hayo hayo,
sentensi zisizothibitika
wala kukanushika,
zimekaa kizingitini,
si za ndani, si za nje.
Moja aliishi nayo miaka kumi na mmoja,
mingi kuliko aliyoishi na mumewe.
(Hilo alilisema mwenyewe, akicheka, akifunga koti.)

Aprili, barafu ikipasuka kwa mshindo,
tukamwambia: leo zamu yako.
Akasimama. Akaandika ubao mzima,
akahamia wa pili, mikono myeupe hadi viwikoni,
akafika hatua ya nne.
Na Pa Nhia Vang,
ambaye tangu Januari tulimsikia akisema "hapana" mara mbili tu,
akauliza:
"Na kama seti ni tupu?"

Bomba likagonga.
Profesa aliutazama ubao
kama mwenye nyumba aliyekagua kila komeo
akasahau kwamba dirisha la jikoni halina kioo.
Hakusema "swali zuri."
Hakusema kitu.
Akamkabidhi Pa Nhia chaki, akarudi nyuma,
kiti kikayumba, akakaa.
"Nionyeshe mahali penyewe."

Pa Nhia hakupajua bado.
Alichora duara, lisilo na kitu ndani,
akalitazama,
akalifuta.
Saa ya chakula ikapita.