Mgongo wa Gongo

Msicheke, ndugu zangu wa bara: gongo hili halinyweki.
Ni mti wa kupigia mpira, kriketi ya Ijumaa alfajiri,
Wadi Kabir, nyuma ya gereji za rangi,
juu ya changarawe tuliyoisawazisha kwa ubao na subira
kabla jua halijakumbuka kazi yake.
Mimi ndiye mwamuzi. Kofia ni ya marehemu shemeji,
filimbi sina, nina kikohozi.

Ilyasi alilichimba gongo lake mwenyewe.
Fundi milango, mtu wa Sialkoti;
kifundo cha mkono kilivunjika kule Ghala
alipoteleza jukwaani, ghorofa ya tatu,
kikaunga kombo, kama herufi iliyoandikwa garini.
Gongo la kawaida likimshinda uzito.
Basi akalibana kwenye jiliwa, akashika patasi,
akauchimba mgongo hadi ukawa upawa.
Nyama ya juu akaipukuta sakafuni,
ya chini akaiacha palepale,
pale mpira unapopenda kugusa.

Mwaka mzima alipata mikimbio tisa, siku njema kumi na mmoja,
akarudi kivulini kunyonya limau.
Hakuna aliyenijia na kanuni.

Kisha Mundhiri akaliazima.
Kijana wa Maabela, mabega kama mlango wa ghala,
mamake nilisoma naye Wete.
Mara sita mpira ulivuka ukuta.
Wa mwisho ulitua ndani ya tangi la maji la dobi,
tukausikia wote:
chubwi.

Hapo ndipo.
Walibishana kwa Kiurdu cha sokoni,
nami nawaandikia kwa lugha ya mamangu.
Shafiqul, mrushaji, mate yamemkauka:
“Hili si gongo, hii ni manati!”
“Mti ni uleule, uzito umepungua, mnalilia nini?”
“Leo mgongo, kesho mtatia risasi tumboni.”
“Na viatu vyako vya riali arobaini, nani alivipima?”
Ilyasi kimya. Alikuwa akikisugua kifundo.

Nikatoa futi ya cherehani ya mke wangu.
Upana, halali.
Urefu, halali.
Kanuni zetu ni ukurasa mmoja uliotiwa nailoni;
hazina neno juu ya mgongo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa.
Nikawatazama: Silheti, Kochi, Sialkoti,
nani hapa yuko kwao?
Hata mimi, Wete nikiitwa Mmanga,
Maskati wananiita Mzinjibari.
Karani aliyenipa pasi aliuliza kabila la babu,
akapima upana, akagonga muhuri.
Hakunigeuza.

Nikasema: mikimbio ihesabiwe.
Nikasema tena: kuanzia wiki ijayo
gongo hili lishikwe na mwenye kifundo kibovu tu.
Pande zote mbili zikanikasirikia,
nikajiona nimehukumu vizuri,
mpaka Ilyasi alipokuja karibu, taratibu,
harufu ya vanishi mikononi.
“Mwamuzi,” akasema, “mimi nilitengeneza gongo.
Dawa inauzwa duka la dawa.”

Nilikuwa na jibu. Lilinijia Jumatatu.

Jumanne nilipita karakana yake kuchukua bawaba.
Juu ya meza magongo matatu, yamelazwa kifudifudi,
yanangoja patasi.
La kwanza limeandikwa jina kwa kalamu ya risasi,
herufi nene za mtu mwenye haraka: Shafiqul.
Vumbi la mbao lilikuwa likielea,
mashine ya kupigia randa imenyamaza,
Ilyasi amenipa mgongo, anapima kwa dole gumba.

Nikakohoa.
Hakugeuka.