Sifuri Nukta Sifuri Nne Tano

Dani Rusalia alinunua kiwanja Mamboleo
mwaka ule mvua ilibeba choo cha shule.
Hamsini kwa mia, alisema muuzaji,
naye hakumwamini mtu. Akatembea mwenyewe,
raba miguuni, kisigino kikigusa kidole,
kisigino, kidole, mpaka kwenye ua wa minyaa.
Mguu wake ni mdogo:
alipata mia moja ishirini na moja.
Akanyamaza. Nani hulalamika akizidishiwa?

Jana hati imetoka.
Ina muhuri, ina harufu ya kabati la serikali.
Nikamsomea: sifuri nukta sifuri nne tano. Hekta.

Rudia, akasema.

Nikarudia.

"Nimeuza omena miaka sita, gorogoro kwa gorogoro,
nimelipa hamsini kwa mia,
na leo mnaniletea sifuri mbili
kabla hatujafika kwenye namba?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mizani ninayoijua
ni nane kwa nane, na hata hiyo
wanafunzi huihesabu kwa vidole.
Nikajaribu: hekta ni mita elfu kumi za mraba, Dani.
Na mita? Mita ni hatua ya mtu mrefu kidogo.
Mtu gani?
Sikujua mtu gani.

Alishapitia haya. Alikuwa msichana
alipokwenda kununua ratili ya sukari
na Velji wa dukani akamwambia ratili imekufa,
siku hizi ni kilo. Akauliza imezikwa wapi.
Akarudi nyumbani na sukari iliyozidi
na deni lililozidi, na hakuna aliyemweleza
kipi kimezidi zaidi.

Tukaenda Kibuye kwa fundi Obunga.
Futikamba yake ina pande mbili:
wa inchi umefutwa na kidole gumba,
wa sentimita bado mweupe
kama shati la sare siku ya kufungua shule.
Alikuwa akiagiza vifaa vya nyumba ya mtu:
mbao mbili kwa nne, za futi kumi na mbili,
misumari inchi nne, nondo milimita kumi,
saruji ya kilo hamsini, maji madebe matatu.
Nikamuuliza kama haichanganyi.
Akatoa penseli sikioni, akanitazama.
"Umewahi kuona nyumba ikiuliza?"

Lakini Dani hakuja kucheka.
Alitaka mia yake ihesabiwe kwa mdomo wa mwanamume mwenye penseli.
Obunga akaandika juu ya kipande cha ubao,
akafuta, akaandika.
Hamsini kwa mia ni futi elfu tano.
Hati inasema kama elfu nne, mia nane na arobaini na nne.
Pamepungua chumba kimoja,
kumi na mbili kwa kumi na tatu.

Nikampigia mpimaji, Lutomia.
Pengine barabara, akasema. Pengine kukadiria tu,
mama, hizo ni nukta.

Dani alikaa juu ya rundo la mbao,
akakipanga chumba kile: kitanda upande wa dirisha,
meza, mtungi, mahali pa mgeni kuvulia viatu.
Chumba kizima, kimelala ndani ya nukta.

Sokoni wanawake hugonga kitako cha gorogoro kwa nyundo,
kikaingia ndani, mahindi yakapungua konzi mbili.
Yeye huigeuza kwanza, daima, kabla ya kutoa pesa.
Nilimwona akiigeuza ile hati,
akitazama nyuma yake.
Nyuma palikuwa peupe.

Jioni tulipita Mamboleo.
Akavua raba, akanishikisha,
akaanza kwenye jiwe la mpaka, peku,
kisigino, kidole, mkono mmoja ukinishika bega,
akihesabu kwa Kijaluo kwa sauti
mpaka minyaa ikamgusa goti.
Mia moja ishirini na nane.
Akageuka, uso umeng'aa vibaya, kama mtu aliyemshinda karani.
"Unaona," akasema, "kinakua."