Gari la Mama Huko Bidiya

Nyumbani kwetu Mabela
hatuli bila madhila,
kaka zangu wana hila
za kugombea sahani.

Zahori, mkubwa wetu,
yuko jeshi la viatu,
jua haoni ni kitu,
hulala hata jiweni.

Hilali yeye wa maji,
manowari ndiyo mji,
ni bingwa wa usemaji
wa dhoruba za zamani.

Muhana ndiye wa hewa,
kwa sifa amejaliwa,
akiitwa, achelewa,
bado yupo kiooni.

Mimi niko uhasibu,
nakaa nina adabu,
matusi nayahesabu,
nayatia kitabuni.

Mama yetu, Bi Zayana,
akasema: "Waungwana,
hapa ndani twabanana,
leo tule mchangani."

Tukapanga sufuria,
halwa tukafungashia,
Bidiya tukaingia
jua liko utosini.

Basi lile lake gari,
jeupe kama sukari,
lilikwenda kwa hiari
likazama matakoni.

Zahori akawa simba:
"Sote tushuke kuchimba!"
Akachimba, akachimba,
mwisho naye yu shimoni.

Hilali akamcheka:
"Ndugu yangu, umezika
gari lililotukuka,
hitima isomwe lini?

Hili ni wimbi, si tuta,
dawa ni kamba kuvuta."
Mafundo yake ni sita,
yote kwake mguuni.

Zahori: "We baharia,
kamba umejifungia,
nanga wataka kutia,
bandari yenyewe gani?"

Muhana kwenye kivuli,
kahawa yake ya pili,
asema: "Jambo sahali,
tazameni kwa makini."

Kidole akakiramba,
akasema kwa kutamba:
"Upepo wenda sambamba;
tungojee wa pembeni."

Wakamgeuka wote:
"Wewe na hewa mpite!
Kazi yenu ni mikate
na siagi mapajani!"

Naye: "Mimi huwaona,
toka juu mwafanana:
siafu mwaandamana,
sijui nani ni nani."

Mama kimya, ala nyama,
mkekani kaegama,
asema: "Nchi salama,
kwa hawa tunaamini!"

Ndipo ikaja pikapu,
nyuma mbuzi na makapu,
ikakata kona chapu,
ikatua ubavuni.

Bibi mwenye barakoa
mnyororo akatoa;
bila jasho, bila doa,
gari likawa njiani.

Kauliza Kiarabu:
"Wanangu, hii taabu!
Nipeni basi jawabu:
kazi zenu wapi, nini?"

Kimya. Mbuzi wakalia.
Zahori akatulia,
kofia kajishushia:
"Mimi nafunza shuleni."

"Nami," Hilali, "nauza
vitunguu, nasambaza."
Muhana akaongeza:
"Mimi kinyozi, mjini."

Bibi akacheka sana:
"Nywele mnavyofanana,
kinyozi wenu ni bwana
anayekaa kambini!

Mwanangu yeye polisi,
nitamweleza upesi
kwamba leo ni rahisi
kuteka jeshi porini!"

Neno polisi likaja,
wakawa kitu kimoja,
mdomo, sauti moja:
"Polisi? Wajua nini!

Kazi yao ni filimbi,
hawajui hata kambi,
kwenye taa hula vumbi,
faini ndiyo medani!"

Wakala kwa ushirika,
sinia moja, wacheka,
nami kalamu nashika,
nikaandika: "Amani."

Ikadumu hadi Ibra.
Mtu wa maji kafura:
"Uongo wangu ni bora,
wenu hauna thamani!"

Mama akafunga breki:
"Makelele siyataki!
Mwenye kusema habaki,
atarejea jangwani."

Saluti zikawa tatu,
hakunena tena mtu;
kumbe jemadari wetu
ameshika usukani.