Wa Tatu Kutoka Getini

Alishuka stendi saa mbili kasorobo,
Sechelela, mke wangu, kuku kwapani
amefungwa miguu kwa utambaa,
na viatu alivyovaa harusi ya dada yake.
"Haya," akasema, "nionyeshe huo mji
uliokula miaka yako mitatu."

Sikuwa nimejipanga.
Dodoma mimi naijua kwa mifuko:
mifuko arobaini ya saruji huku, sitini kule.
Najua mchanga wa korongo gani una chumvi,
najua kivuli cha ukuta upi hufika saa ngapi.
Kumtembeza mtu, sijawahi.

Tukaanza na uwanja wa katikati, penye viti na nyasi.
Akainama, akazigusa kwa kiganja
kama anayepima homa ya mtoto.
"Maji yote haya wanakunywa majani?"
Nikamwambia, ndiyo makao makuu.
Hakucheka.
Kwetu Mvumi, ikifika Oktoba,
ndoo moja inatembea nyumba tatu.

Bunge tuliliona kutoka ng'ambo ya barabara.
Akalikazia macho lile paa la duara, akaguna.
"Sisi mmetuhimiza tuezeke bati,
kumbe wenyewe mmerudi kwenye msonge."
"Si mimi, Seche."
"Si unafanya kazi kwao?"

Sahani ya zabibu, elfu moja, kando ya lami.
Alikula taratibu, akitema mbegu mkononi,
akazifunga pembe ya khanga pamoja na nauli.

Kisha gari la Mtumba, kwenye wizara.
Kuku alilipiwa kama mtoto wa shule.
Barabara pana, miti michanga imefungiwa fito,
majengo yamesimama mbalimbali
kama wageni wasiojuana msibani.
Askari akatujia.
"Mnatafuta nini?"
"Tunatazama."
"Mnatazama nini?"
"Ukuta."
Akamtazama kuku, akanitazama mimi.
"Ukuta hautazamwi, mzee. Sogeeni."

Tukasogea hatua kumi, nikamnong'oneza:
"Wa tatu kutoka getini,
ule wenye rangi ya maziwa mgando.
Lipu ya mashariki yote ni mkono wangu.
Na pale juu ya dirisha, unaona kamstari kembamba?
Pale ndipo nilipoanguka,
ule mwezi niliokupigia simu nikasema nina malaria."

Upepo ukaipeperusha khanga yake, akaishika.
Hakuniuliza mguu upi.
Aliutazama tu, wa kushoto,
kumbe alishaujua tangu stendi,
tangu nilipompokea mzigo na kutangulia.

"Nani alikuokota?"
"Mbena mmoja. Mwalongo, fundi chuma."
"Anakaa wapi?"
"Nkuhungu. Lakini, Seche, nilitaka tupande Mlima Simba,
kule juu mji wote unauona, hadi..."
"Nkuhungu tunapanda gari gani?"

Basi sehemu kubwa ya siku ile
mke wangu aliiona Nkuhungu:
vichochoro vya matofali ya kuchoma,
fundi cherehani, mashine ya kusaga,
foleni ya madumu ya njano bombani
(hapo alisimama, akasalimia "Mbukwenyi!",
akaitikiwa na watu wanne),
na mlango wa bati wa Mwalongo, umefungwa.
Yuko zamu, akasema jirani.

Sechelela akakaa kizingitini, akavua viatu.
Tukakaa hapo saa mbili na nusu.
Nikamwonyesha Mlima Simba kwa mbali, jiwe juu ya jiwe,
nikamwambia watu hutoka nje ya nchi kuja kuupanda.
"Si unaonekana kutoka hapa?"

Mwalongo alipofika, mikono bado ina kutu,
hakumpa maneno mengi.
Alimpa kuku kwa mikono miwili, akapiga goti,
mbele za watu, kwenye vumbi,
na lile jitu linalokunja nondo za milimita ishirini
likakosa pa kutazama.

Gari la jioni likaunguruma.
Alikuwa ameshakaa dirishani, viatu mapajani,
akatoa kichwa.
"Yaledi."
"Naam."
"Ile lipu. Haijapasuka?"
"Haijapasuka."
Akarudisha kichwa ndani.