Valdreki Hana Mama

Mchana nafua mashuka ya hospitali ya Sodankylä.
Damu, nawaambieni, haitoki kwa maji ya moto;
maji ya moto huipika, ikang'ang'ania uzi.
Yataka maji baridi, chumvi, na mtu asiye na haraka.
Mtu huyo ni mimi: Raili Kemppainen, miaka hamsini na minane,
goti la kushoto bovu,
sijamng'ata mtu tangu darasa la pili.

Jioni namlisha mama uji wa shayiri,
namvua meno, nayatia kwenye glasi.
Yananichekea majini
nikiwasha kompyuta jikoni na kuandika:

    Mimi ndimi Validreki, mnywa wa usiku mwingi,
    Mchana siuafiki, nalala penye msingi,
    Kioo hakinishiki, ila sura zangu nyingi,
    Sijaalikwa sifiki, nikifukuzwa sipingi.

Hapo goti haliumi.
Ngomeni tuko wengi:
mchawi anayeandika kutoka Valparaíso akiwa kazini,
mapacha ambao nashuku ni mtu mmoja,
na Mwindaji,
aliyekuja kuniua majira ya baridi ya mwaka juzi
na bado hajapata nafasi.
Jina lake silijui. Hukosea tahajia akichoka.
Aliwahi kuniuliza kama nasikia baridi;
nikamjibu kwa kiburi cha miaka mia tatu,
kisha nikaenda kuvaa soksi.

Sharti la jua nililitunga mwenyewe,
tena Desemba, mjinga mimi,
wakati huku kwetu jua ni uvumi tu:
Valdreki hatoki likiwa juu.
Juni ikafika, jua likakataa kulala,
likazunguka paa la nyumba kama mdai.
Wenzangu wakasema, tumia usiku wa ngome, si wa kwako.
Nikakataa. Mnyonyadamu mwongo ana faida gani?
Nikaaga:

    Naliona jua refu, lisilojua kuzama,
    Nipe sanduku na sufu, nilale bila kuhema,
    Mwindaji wangu dhaifu, kigingi chako ni chema,
    Njoo unikute mfu,

Mama akaita. Kipande cha mwisho sikukiandika.
Hakuita jina langu. Aliita la dada yake
aliyezama ziwani kabla mimi sijazaliwa.
Nikaitika hivyo hivyo.
Kuwa mtu mwingine ni kazi niliyoizoea.

Alikufa saa tisa usiku, chumba kizima kikiwaka jua.
Nikatundika blanketi dirishani
ili angalau yeye apate giza.
Glasi sikuigusa.

Valdreki hana mama.
Sikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Katikati ya Julai jua lilizama mara ya kwanza,
saa saba usiku, kwa dakika kumi na nane.
Nikafungua. Kando ya sanduku langu
Mwindaji alikuwa ameumalizia ubeti:

    mimi nipo, sijahama.

Na chini yake, kila siku, mstari mmoja.
Nimelinda.
Nimelinda.
Leo mvua, nimelinda.
Leo nimechelewa, mtoto ana homa. Nimelinda.

Nikahesabu mizani yake kwa vidole. Nane kamili.
Dakika zilikuwa zimebaki tisa.
Nikaandika: Nimemzika mtu.
Akajibu papo hapo: Ulimnyonya?
La. Nilimlisha kwa kijiko, miaka sita.

Akanyamaza.
Nje, msonobari mmoja ukaanza kuwaka nchani.
Kisha herufi zikaja, moja moja:
Rudi sandkuni, kunakucha.