Doa la Kijani

Igogo, nyuma ya kiwanda cha minofu.
Upepo ukigeuka, hata chai inanuka sangara.
Pijo ya marehemu Lubasha, mnunuzi wa pamba,
iko juu ya magogo manne, matumbo nje.
Mwanawe Bulugu ametuma hela kutoka Dodoma
na agizo moja: irudi kama ilivyotoka kiwandani.

Nimeanzia chini.
Bodi, yeyote mwenye kompresa atakupulizia ing'ae.
Chini ndiko gari husahau kudanganya.

Kwa dizeli, na mswaki wa binti yangu uliokwisha meno,
nakwangua springi ya kulia.
Kwanza vumbi la juzi.
Halafu udongo mwekundu wa Geita.
Halafu grisi iliyogeuka lami.
Halafu ule mweusi wa mbuga za Magu,
unaoazima kiatu chako na usirudishe.
Na chini ya yote, kwenye mzunguko wa tatu,
doa.

Kijani. Halizidi ukucha wa kidole gumba.
Limepakwa kwa mkono:
naona nywele za brashi zilivyotawanyika mwishoni,
naona tone lilivyotaka kushuka, likaghairi.

Kuna mtu alisimama mbele ya springi hii.
Akaikandamiza, akasoma kipimo,
akachovya, akagusa,
akaita nyingine.
Hakujua marobota,
wala foleni ya kivuko pale Kigongo,
wala kwamba mguso wake ungekaa gizani zaidi ya miaka hamsini
hadi aje Minza binti Shija na mswaki.

Nikahamia kushoto kutafuta pacha wake.
Njano.
Madoa mawili ya njano, yamekaa karibu karibu
kama macho ya mtu aliyefumaniwa.

Springi ya gari jingine, na gari zito.
Ndipo nikauona mshono wa kuchomelea kwenye chesisi,
ndipo nikaelewa kwa nini Pijo ya Lubasha
ilipita mjini imeinamia kulia
kama mtu anayenong'onezwa.
Alipoulizwa, alijibu: "Barabara ndiyo imepinda."

Nikampigia Bulugu. Kimya. Kisha:
"Kuna mwaka alirudi juu ya lori la pamba,
bega limefungwa kanga ya mtu tusiyemjua.
Alituambia kapigwa teke na ng'ombe."
Kimya tena.
"Paka kijani. Zote mbili."

Kijani ninayo. Niliichanganya kwenye kizibo cha soda
mpaka hata mwenye brashi yake asingeikataa.
Mkono ukafika. Mkono ukarudi.
Maana kijani ile si rangi, ni neno:
*nimeipima.*
Na mimi sijazoea kumlisha maneno mtu wa watu.

Wiki tatu nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu.
Shinyanga nikapata springi moja, uchi,
haina doa, haina ukoo.
Nikaisimamisha na ile ya kulia,
nikazipandishia mifuko ya saruji, mitatu kwa mitatu,
nikapima kwa tepu ya fundi cherehani wa jirani.
Zilipishana unene wa njiti ya kiberiti.
Nikashusha. Nikapandisha tena. Njiti ileile.

Ya njano imepanda basi kwenda Dodoma,
imefungwa kwenye gunia kama mgonjwa.
Bulugu mwenyewe ndiye aliyeiomba.
Hakusema ya nini, nami sikuuliza.

Na hii ya Shinyanga, kabla sijaipandisha mahali pake,
nilimwita binti yangu alete chupa yake ya rangi ya kucha.
Nyekundu. Alinuna, imebaki kidogo.
Mzunguko wa tatu. Mguso mmoja.
Tone likataka kushuka.
Nililisubiri.