Kisogo

Lifti ya jengo letu hula sarafu:
tetri ishirini kupanda, kushuka bure.
Bibi Eteri wa mlango wa pili
huzitunza zake kwenye kopo la jamu
kama mtu anayeatamia mayai.
Ijumaa usiku nilimwomba kumi.
"Anakuja?"
"Anakuja."
Akanihesabia kumi na mbili.

Miezi saba Lasha alikuwa na upana wa kiganja.
Nilimwegemeza kwenye chupa ya siki nikila,
aliganda mdomo wazi mtandao ulipokwama,
na nikichoka nilimzima kwa kidole gumba
nikisingizia chaji.
Sasa alitoka kwenye lifti ana begi, ana magoti,
akajaza mlango mzima,
ananuka kiti cha ndege na maganda ya chungwa,
nami sikujua nianzie wapi kumshika.
Nikasimama umbali wa skrini,
sentimita arobaini hivi,
mpaka akacheka: "Sogea. Sikatiki."

Jumamosi ramani ya simu ilisema pinda kushoto.
Kushoto palikuwa na ukuta,
na mzabibu, na paka wa kijivu.
"Umefika," ikatangaza ile sauti, bila haya.
Dirisha likafunguka, mama mmoja akauliza
kama sisi ndio mafundi wa gesi.
Lasha, anayeshinda Warszawa akitibu programu za benki,
nusura aseme ndiyo.

Kwenye mabafu ya kiberiti tuliziacha simu kabatini,
zikabaki gizani zikitetemeka,
watoto waliofungiwa nje ya harusi.
Na ndani ya mvuke, alipoinama kutafuta sabuni,
nikakiona kisogo chake.
Kisogo! Miezi saba kamera haikunipa.
Kovu la ukubwa wa punje ya mchele,
kishungi cha nywele kinachobishana na kitana,
mistari miwili shingoni ya mtu anayeinamia meza.
Wapo wasemao akupaye kisogo si mwenzio.
Hao hawajawahi kupendana kwenye kioo.

Daraja Kavu, kwa wauza vitu vya juzi,
alinunua simu nyekundu ya kuzungusha, waya umekatwa,
lari kumi na tano, baada ya kubishana kwa raha
na mzee Anzori aliyeapa kwamba bado inasikika.
"Inasikika nini?"
"Sikilizeni."
Tukabana masikio mawili kwenye mkonga mmoja.
Kimya.
Kimya safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

Jioni gurudumu kubwa la Mtatsminda likatupandisha.
Pale juu kabisa, Tbilisi yote imewashwa miguuni petu,
akanyoosha mkono atupige picha.
Asilimia sifuri. Skrini ikawa jiwe.
Kwa hiyo hamna ushahidi.
Mtaniamini tu: alikuwa na unga wa sukari kidevuni.

Jumapili tuligombania chaja.
Soketi moja, simu mbili.
Nilitaka kuuliza, utarudi lini?
Nikasema, "Chomoa yako, imefika themanini."
Akachomoa. Akaikunja waya yake taratibu mno,
kama mtu anayekunja shati la mwingine.

Lifti ya kushuka haikudai kitu.

Usiku nilirudi peke yangu,
sarafu ya kumi na mbili ikaanguka tumboni mwake.
Simu nyekundu nikaiweka kando ya chupa ya siki,
nikazungusha namba ya Lasha, tarakimu kwa tarakimu,
nipate tu kusikia ile sahani ikirudi, krrr,
tisa ikichelewa kuliko zote.
Hakuna aliyepokea.

Saa saba, ile nyingine ikalia.
Kiganja tena: nusu uso, na nyuma yake mlango wa jokofu.
"Nimefika," akasema. "Mbona huongei?"
"Geuka."
"Nini?"
"Geuka kidogo, Lasha. Nipe kisogo."